Kaseti isiyo na rangi si maiti

Mwezi uliopita, upande wa barabara ya Kipushi, nilimkuta mama mmoja amefunga utepe wa kaseti ya video kutoka mti hadi mti juu ya bustani yake ya lengalenga. Upepo ukipita, utepe unavuma kama mzinga wa nyuki na kumetameta, na ndege hawathubutu kutua. Ni dawa nzuri, siipingi. Nilichosimamishia pikipiki ni lile ganda lililoning'inia mwisho wa utepe kama jiwe la kuuvuta. Lilikuwa jeusi, kibandiko kimepauka, lakini bado unasoma: 411VM.

Kwa wasiojua, 411VM lilikuwa jarida la skeitibodi, mchezo wa ubao wenye magurudumu, ila badala ya karatasi lilitoka kwenye kaseti. Lilianza Marekani mwaka 1993. Mimi nalitafuta Lubumbashi hii tangu nilipoanza kukusanya kaseti, na hapo lilikuwa linafukuza ndege.

"Mama, hii ulitoa wapi?"

"Kwa nyumba ya wamisionari ya zamani. Ilisha kufa, papa. Haiko na rangi, na picha inapanda, inapanda tu."

Ilisha kufa! Wiki ileile kijana mmoja, mpenzi mkubwa wa filamu za kutisha, alikuja dukani kwangu Kamalondo akanieleza kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mzee, kwamba Suspiria ya Dario Argento ni filamu ya zamani sana, ya kabla ya rangi. Suspiria! Filamu ya 1977 ambayo watu wanainunua tena na tena kwa sababu ya wekundu wake, ambayo nakala zake za sinema zilichapwa kwa Technicolor, wino juu ya wino. Alikuwa ameitazama mara sita kwa rangi nyeusi na nyeupe, na akaipenda. Sikujua nicheke au nimfukuze. Nilimkalisha, na niliyomwambia ndiyo haya, kwa sababu nimechoka kuyarudia kwa mmoja mmoja.

Televisheni ilianza bila rangi. Rangi ilipokuja, wahandisi walikuwa na tatizo: mamilioni ya watu walishanunua televisheni za nyeusi na nyeupe na hawangekubali zigeuke masanduku ya kuwekea maua. Basi rangi ikapandishwa juu ya picha ya zamani kama abiria juu ya mizigo ya lori. Televisheni isiyomjua abiria inapokea mizigo tu, picha kamili, isiyo na rangi. Hiyo haikuwa kasoro, ndivyo ilivyokusudiwa. Na ndiyo sababu kaseti yako nzima kabisa inaonekana imepoteza rangi: deki au televisheni yako haimjui abiria aliyepanda.

Abiria, yaani mifumo ya rangi, wako watatu. NTSC ya Marekani, 1953. PAL ya Wajerumani, kazi ya Walter Bruch, na SECAM ya Wafaransa, kazi ya Henri de France. Hizi mbili zilianza kurushwa hewani mwaka 1967. Ubelgiji wakachukua PAL. Zambia na Afrika Kusini, PAL. Sisi Wakongo, tuliotawaliwa na Wabelgiji, tukaishia na SECAM ya Wafaransa. Kwa hiyo fikiria kabati la kaseti la familia yoyote ya hapa yenye ndugu ng'ambo: mjomba wa Bruxelles kaleta PAL, shangazi wa Paris kaleta SECAM, dereva wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kaleta PAL kutoka kusini, mmisionari kaacha NTSC. Kabati moja, na deki moja tu ya kuyasoma yote. Halafu mnashangaa.

Dalili zinasomeka, kama una subira. Picha imetulia vizuri ila haina rangi: ni PAL na SECAM zimekosana. Picha haina rangi na inapanda juu bila kutulia: deki yako imejitahidi kusoma NTSC, lakini televisheni yako inasubiri nusu-picha 50 kwa sekunde (mbili hufanya picha moja kamili) na inapewa 60. Picha imepasuka vipandevipande na watu wanaongea kwa sauti nzito ya mlevi: ni NTSC ndani ya deki isiyoijua kabisa. Hakuna kilichokufa hapo. Kabla ya kutupa chochote, fungua menyu ya televisheni yako, tafuta mahali pameandikwa "system", jaribu zote. Nusu ya wateja wangu wangebaki nyumbani.

Sasa kuna wajuaji. Mjuaji ameshasoma haya, anajua kaseti yake imetoka Ufaransa, anajua deki yake imeandikwa SECAM mbele kwa herufi za fedha, na bado anaona nyeusi na nyeupe. Anahitimisha: "Basi hii ndiyo imekufa kweli." Na anaitupa kwa moyo mweupe, akiwa na ushahidi. Huyu ndiye ananiumiza kuliko mama wa lengalenga.

Ndugu yangu, SECAM kwenye kaseti za VHS ziko mbili, na hazisikilizani. Deki haiwezi kuandika rangi juu kama inavyorushwa hewani, lazima iishushe chini. Wafaransa walichagua kugawanya: mawimbi ya rangi, yaliyo karibu MHz 4.3, yanagawanywa kwa nne, yanaandikwa karibu 1.1, na wakati wa kusoma yanazidishwa kwa nne. Lakini watengenezaji waliouza deki Mashariki ya Kati na kwingineko waliona gharama ya bure. Walikuwa na deki za PAL tayari, zinazoshusha rangi kwa kuichanganya na wimbi jingine. Wakaipitisha SECAM kwenye mtambo uleule. Hiyo ndiyo MESECAM. Kaseti ya Kifaransa ndani ya deki ya MESECAM: nyeusi na nyeupe. Kaseti iliyorekodiwa MESECAM ndani ya deki ya Paris: nyeusi na nyeupe. Na deki nyingi za MESECAM zimeandikwa tu "SECAM" mbele, bila aibu. Nilishaletewa kaseti mbili kutoka nyumba moja, mtoto yuleyule wa ubatizo, mjomba mmoja karekodi, mwingine kanakili, na kila moja ilitaka deki yake.

Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, kabla sijaelewa hili, nilitupa katoni moja. Filamu za kutisha za Kifaransa, zile zenye majalada makubwa ya plastiki laini, mikono iliyokatwa, macho, nyumba zinazowaka taa moja. Nilizijaribu, hazikuwa na rangi, nikamwambia mke wangu zimekufa. Aliyekuwa akinifundisha ufundi wakati huo alikubaliana nami kwa kutikisa kichwa kama daktari. Sipendi kuikumbuka ile katoni.

Leo natumia Panasonic AG-W1, deki nzito kama jiwe la kusagia, inayosoma NTSC, PAL, SECAM zote mbili, na kutoa mfumo wowote unaoutaka. Ipo nyuma ya stabilizateri mbili, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Ikifa hiyo, sijui. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016.

Jambo jingine la haraka: "filamu imekatwa." Haijakatwa. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, PAL na SECAM zinakwenda 25, basi filamu inaharakishwa kwa asilimia 4. Dawn of the Dead, filamu ya wafu ya mwongozaji George Romero ya 1978, ile ya kwenye maduka, ina dakika 127 kwa Marekani. Toleo ambalo Argento aliwahariria Wazungu wa Ulaya lina 119, na hilo ni toleo tofauti kweli, lina muziki mwingi zaidi wa bendi ya Goblin. Lakini 119 kwa mwendo wa 25 zinakuwa 114, na hizo tano hakuna aliyezikata. Zimekimbia tu. Sauti za watu zinapanda kidogo pia. Wengine hawasikii, mimi nikishasikia siwezi kuacha kusikia.

Video za skeiti hazikupigwa kwa sinema. Zilipigwa kwa kamera za video. Tangu 1995 Sony VX1000 ndiyo ikawa kamera yao, na lenzi ile ya jicho la samaki iliyopinda dunia. Video ya NTSC haina fremu 24, ina nusu-picha karibu 60 kwa sekunde, kila moja ni wakati wake. Ndiyo maana mkusanyaji wa skeiti anataka kaseti ya Kimarekani yenyewe, na hataki nakala ya PAL hata ikiwa mpya ndani ya nailoni. Ili kuigeuza iwe PAL, nusu-picha 60 lazima ziwe 50. Ama moja katika kila sita inatupwa, ama zinachanganywa.

Nilimwonyesha yule kijana. Nilisimamisha picha kwenye kikflipu, ule mruko ambao mguu wa mbele unakwaruza ukingo wa ubao na ubao unajizungusha wenyewe hewani. Kwenye kaseti ya Marekani, ukisogeza hatua kwa hatua, unaona kila kitu: kidole cha kiatu kinaondoka kwenye ukingo, ubao uko wima, tumbo la ubao na magurudumu manne yanatazama juu, halafu mguu wa nyuma unaudaka. Kwenye nakala ya PAL, hatua ileile ina mbao mbili, moja juu ya nyingine, zote zinaonekana kama moshi. Mtoto anayejifunza kutoka kwenye hiyo ataiga nini? Atafuata mguu gani? Kijana alinyamaza. Halafu akauliza kama hata Suspiria yake inaweza kuwa na mbao mbili. Hapana, nikamwambia, hiyo ni ya 25, tatizo lako ni rangi. Tukairudisha rangi. Alipouona ule mlango wa mwanzo na mvua nyekundu alisema "eh!" moja tu, akavua kofia.

Sasa tazameni lile kosa linavyofanya kazi mjini hapa, kwa maana si kosa la bahati nasibu. Deki nyingi zilizobaki Lubumbashi zinasoma PAL. Kila kaseti ya PAL inaonyesha rangi, inaitwa nzima, inawekwa. Kila NTSC na kila SECAM ya Kifaransa inaitwa maiti, inatupwa, inafungwa kwenye miti. Ni kama kung'uto linalomwaga mchele na kubakiza makapi: filamu za ngumi kutoka kusini, zinazopatikana kila mahali, zimehifadhiwa vizuri, na skeiti ya Marekani na hofu ya Kifaransa, vitu ambavyo havitarudi tena, vimekwenda. Na wanaogeuza kaseti kuwa flashi nao wanafanya vilevile: wanarekodi nyeusi na nyeupe, wanampa mwenye mali flashi, wanamwambia aitupe kaseti. Harusi ya 1989, bibi harusi kavaa gauni la rangi isiyojulikana milele.

Kufa kweli kupo. Chungulia kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu, masika yetu inaipenda. Usiicheze, itahamia kwenye vichwa vya deki vinavyosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kila kaseti inayofuata. Ukiona theluji picha nzima, mara nyingi ni vichwa vichafu. Safisha kwa ngozi laini na alkoholi ya isopropili, ukizungusha ngoma inayobeba vichwa kwa mkono, kwa upande tu, kamwe juu na chini. Si manukato. Si petroli. Nimeshaletewa deki inayonukia kama kinyozi.

Na lazima nikiri, niliwahi kuicheza kaseti ya Argento yenye kuvu, nikijua, kwa sababu usiku ule sikuweza kusubiri. Nililipa kwa vichwa. Wala sina hakika tena na hesabu za umri zinazoandikwa vitabuni. Nina kaseti ya 1986 ambayo rangi zake ni kama za jana, na nyingine ya 1999 inayomwaga vumbi la kahawia kila inapozunguka, na zote zimelala rafu moja. Kila nikizicheza nazimaliza kidogo. Nisipozicheza, ni plastiki tu. Jambo hili sijalipatia jibu, na siku nyingine huishia kuzipangusa tu na kuzirudisha.

Kwa mama wa lengalenga niliacha kaseti tatu za kwaya, zenye kuvu kweli, tukabadilishana. Nikaufungua utepe wake mtini polepole, kazi ya saa nzima. Chini ya ganda la VHS kuna tundu dogo. Ukilisukuma kwa njiti breki zinaachia, na unaweza kuzungusha gurudumu kwa kidole. Mita nyingi za mwanzo zilikuwa zimekunjika na kupauka kwa jua. Lakini utepe uliokuwa bado ndani ya ganda ulikuwa mzima, na kwenye AG-W1 ulinipa dakika 14 za jua la California, anga ya buluu, zege, kijana wa fulana ya kijani anashuka ngazi. Rangi zote zipo.

Jumatatu mama akanipigia simu. Ndege wamerudi. "Papa, kaseti zako hazing'ae kama ile ya wamisionari." Ni kuvu, nilimwambia, imezifanya butu. Nimempelekea nyingine mbili, mafunzo ya usalama kazini, PAL, safi kabisa, na bustani imetulia.