Vikaragosi vya Majini vya Vietnam Havikuzaliwa Mtoni

Viwanda vya Vietnam hununua kwa wingi korosho ghafi za Mtwara na Lindi, na kwa sababu hiyo wapo Watanzania wengi ambao wamekwisha kulala usiku kadhaa katika Jiji la Ho Chi Minh kwa shughuli za biashara. Wenyeji wao huwakirimu kwa jioni moja inayouzwa kwa tiketi moja: kwanza onyesho la vikaragosi vya majini, kisha chakula cha usiku ndani ya meli inayotembea juu ya Mto Saigon. Wakirudi hunitumia video, kwa kuwa wanajua kwamba kazi yangu ni kuchonga na kuchezesha vikaragosi, na karibu kila video huja na maelezo yaleyale: kwamba hii ni sanaa ya mtoni, kwamba vikaragosi hivyo huchezwa katika Mto Saigon tangu enzi na enzi, na kwamba meli ya chakula ni mwendelezo wa desturi hiyo. Juzi nimepokea maelezo hayo tena, safari hii yakiwa na nyongeza kwamba vikaragosi huning'inizwa kwa nyuzi kutoka juu. Nimeona niandike, maana kosa hili linaficha jambo lenyewe linaloifanya sanaa hii iwe ya ajabu.

Nianze na yale mepesi. Hakuna nyuzi kutoka juu. Hakuna mota wala umeme unaoviendesha. Hakuna mpiga mbizi aliyelala chini ya maji akipumua kwa mrija. Wachezeshaji wamesimama nyuma ya pazia la mianzi lililo mwisho wa jukwaa, maji yakiwafika kiunoni, nao hutuona sisi kupitia nafasi za pazia hilo ilhali sisi hatuwaoni. Na si mchezo wa watoto peke yao, ingawa watoto huufurahia.

Sasa tufike kwenye mto. Nyumbani kwa vikaragosi hivi ni delta ya Mto Mwekundu, kaskazini mwa Vietnam, upande wa Hanoi, kiasi cha kilomita 1,700 kwa barabara kutoka Jiji la Ho Chi Minh. Pale, mkulima wa mpunga aliyetaka kujenga alichimba udongo ili kuinua kiwanja chake kisifikiwe na mafuriko, na shimo alilolichimba likawa bwawa. Kijiji kizima kilikuwa na mabwawa: ya samaki, ya bata, ya kuogea nyati. Sanaa hii ilikua katika mabwawa hayo, wakati wa sikukuu na baada ya mavuno, chini ya vyama vya wachezeshaji vya vijijini ambavyo vilitunza siri ya mitambo yao kwa ukali kiasi kwamba mabinti hawakufundishwa, kwa hofu kwamba wangeolewa kijiji kingine na kuondoka nayo. Katika Pagoda ya Thầy, hekalu la Kibudha nje ya Hanoi, lipo hadi leo banda lililojengwa katikati ya bwawa kwa ajili ya maonyesho hayo. Kusini hakukuwa na vyama vya namna hiyo. Huko sanaa ililetwa na majumba ya maonyesho ya miongo ya karibuni. Jumba ambalo wageni wengi hupelekwa jijini Ho Chi Minh, la Rồng Vàng katika mtaa wa Nguyễn Thị Minh Khai, lina bwawa la kutengenezwa ndani ya ukumbi wenye paa, na mto uko mbali nalo kiasi cha kuhitaji gari.

Mtu ataniuliza: kuna tofauti gani, si yote ni maji? Hapa ndipo ninapoishiwa subira. Tofauti kati ya maji yaliyotulia na maji yanayokwenda ndiyo kazi yote ya mchezeshaji.

Kikaragosi cha majini huchongwa kwa mti wa sung, ambao ni ndugu wa mkuyu wetu. Mbao zake ni nyepesi, huelea, na mti wenyewe huota kando ya mabwawa. Baada ya kuchongwa hupakwa tabaka juu ya tabaka za utomvu wa mti unaokauka na kuwa mgumu na wenye kung'aa, ili maji yasipenye. Hata hivyo maji hupenya, na kikaragosi cha jumba linalofanya maonyesho kila siku huchoka baada ya miezi michache tu. Vingi vina urefu wa kati ya sentimita 30 na mita moja, na uzito wa kilo 1 hadi 5. Unachokiona juu ya maji ni nusu ya kifaa. Chini ya miguu yake, chini kidogo ya uso wa maji, kuna kitako kinachoelea; nyuma ya kitako kuna usukani; na kutoka hapo unaanza mti mrefu wa mianzi, wa mita tatu hivi au zaidi, unaopita chini ya pazia hadi mikononi mwa mchezeshaji. Kamba zinazofuata mti huo ndizo zinazogeuza kichwa, kuinua mkono na kuzungusha usukani.

Shika upondo mrefu wa mtumbwi kwa ncha yake moja, uunyooshe mbele yako, kisha ujaribu kuufanya uandike herufi majini. Uzito si tatizo, kwa kuwa maji yanakubebea. Tatizo ni kwamba kila mwendo unaoufanya huchelewa kufika upande wa pili, na ukifika hauishii pale ulipotaka uishie. Mchezeshaji mzuri huanza kugeuza kabla muziki haujamfikia na huacha kusukuma kabla kikaragosi hakijasimama, akiyaacha maji yamalizie. Sisi tunaofanya kazi nchi kavu tumezoea kwamba mkono ukisimama na kikaragosi kinasimama. Majini ni lazima uyahesabu maji kama mchezaji mwenzako, tena mchezaji ambaye hawezi kuharakishwa.

Hayo yote yanawezekana kwa sababu maji ya bwawa hayana nia yao wenyewe. Yapeleke mtoni uone. Mkondo utausukuma ule mti mrefu kwa ubavu, na kila sentimita ya urefu wake itageuka kuwa nguvu dhidi ya viganja vyako. Maandamano ya vikaragosi, yale ambayo unaona safu nzima ikipita kama iliyopangwa, huendeshwa kwa kamba zilizozungushiwa vigingi vilivyochomekwa chini. Mtoni vigingi hivyo havitakaa, na kamba zitanasa kila kinachopita. Mto Saigon hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na magugumaji, yaleyale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria, huonekana yakielea kuteremka na baadaye yakirudi juu pamoja na maji. Mchezeshaji aliyesimama maji yakimfika kiunoni jioni angeweza kuyakuta kifuani kabla ya onyesho kwisha. Na wimbi la meli moja inayopita lingetosha kuvifunua vitako vyote na kumaliza siri. Ndiyo maana pia maji ya bwawa huwa na rangi ya kijani au ya matope, hata ndani ya ukumbi wa kisasa: si uchafu, bali ni pazia la pili, lililolala.

Tazama kisa cha mfalme Lê Lợi, ambacho karibu kila jumba hukionyesha. Baada ya kuwatoa Wachina wa enzi ya Ming katika karne ya 15, mfalme yuko juu ya mashua ziwani, na kobe mkubwa anajitokeza kuudai ule upanga wa miujiza ambao mfalme aliazimwa. Mashua ina mti wake na mchezeshaji wake. Kobe ana wake. Miti hiyo miwili lazima ikutane ncha kwa ncha bila kuvukana chini ya maji, kwa sababu ikivukana hakuna tena atakayeweza kugeuka. Kobe anakaribia kwa kuchomoza kichwa, anasita, anasogea tena, na mdomo wake unafika chini ya mkono wa mfalme pale pale mkono unaposhuka. Kule kusita ndiko ninakokuangalia mimi kila mara. Mtazamaji anadhani kobe anamheshimu mfalme, na ni kweli kwamba inasomeka hivyo. Lakini ni mchezeshaji anayesubiri maji ya mashua yatulie ndipo amalizie hatua yake. Ulazima wa ufundi umefanywa kuwa adabu ya mhusika, na sijui sifa kubwa kuliko hiyo ninayoweza kuitoa kwa sanaa yoyote ya vikaragosi.

Vitabu vya utalii hupenda kusimulia kwamba sanaa hii ilianza pale mafuriko yalipoingia katika onyesho la kawaida na wachezeshaji wakaendelea wakiwa wamelowa. Mimi sikiamini kisa hicho. Kitako kinachoelea, usukani na kamba za chini ya maji si vitu vya kubuni kwa usiku mmoja wa dharura; ni kazi ya watu walioyakusudia maji tangu mwanzo.

Lakini kuna jambo linalonisumbua katika hoja yangu mwenyewe, nalo ni la haki kulitaja. Ushahidi wa kale unaotajwa zaidi ni maandishi ya jiwe la Pagoda ya Đọi Sơn, nayo ya kaskazini, lililosimamishwa mwaka 1121 katika utawala wa mfalme Lý Nhân Tông. Maandishi hayo yanamsifu kobe wa dhahabu aliyebeba milima mitatu mgongoni, akionyesha gamba na miguu yake minne, akizungusha macho na kurusha maji. Na jiwe linamweka kobe huyo juu ya mawimbi ya mto. Wanaoandika kwamba sanaa hii ni ya mabwawa na wakati huohuo wanalitaja jiwe hilo kama cheti chake cha kuzaliwa huwa wanaliruka neno hilo. Nionavyo, kobe wa 1121 alikuwa mtambo mmoja mkubwa wa sherehe za kifalme, jambo ambalo mto unaweza kulibeba, ilhali lugha kamili ya vikaragosi vingi vinavyotoka nyuma ya pazia, vinavyokimbizana na kupokezana vitu, ilihitaji bwawa ili ikue. Hayo ni maoni ya fundi, na atakayesema kwamba nguo nzima haiwezi kupimwa kwa kipande chake atakuwa na hoja. Ninachokataa ni kulifanya jiwe hilo liwe ushahidi wa Mto Saigon, mto usiohusika nalo kwa namna yoyote.

Jambo la pili linalonitia mashaka ni onyesho lenyewe la jijini. Kwa kama dakika 50 utapitishwa katika vipande vifupi zaidi ya kumi: joka wakirusha maji na cheche, ngoma ya feniksi, yule ndege wa hekaya, wakulima wakipanda mpunga, wavuvi, mbweha anayepanda mti na bata mdomoni. Vikundi vya serikali, ikiwemo ile taasisi ya taifa ya vikaragosi iliyoanzishwa 1956 na jumba la Thăng Long la Hanoi lililoanzishwa 1969, viliokoa mengi ambayo vijiji vingeyapoteza. Hata hivyo kasi hiyo ina gharama. Chú Tễu, yule kijana mnene mwenye kifua wazi na kicheko anayefungua onyesho, kijijini alikuwa na ulimi mkali na alizungumza na watu aliowajua. Mbele ya wageni wasioelewa Kivietnam anabaki na kicheko peke yake. Anayetaka kumsikia kama alivyo na afike kijiji cha Đào Thục, nje kidogo ya Hanoi, ambako chama cha wachezeshaji bado kinacheza katika bwawa la kijiji. Wazee wa vyama vya namna hiyo walikunywa mchuzi wa samaki na kutafuna tangawizi kabla ya kuingia majini wakati wa baridi, na viungo vyao viliumia uzeeni. Siku hizi huvaa suruali za mpira zinazofika kifuani.

Na meli? Sina ugomvi nayo. Ni jioni nzuri, mradi ujue kwamba umehamia kwenye jambo jingine. Utapita karibu na bandari ya Nhà Rồng, ambako mwezi Juni 1911 kijana aliyekuja kujulikana kama Ho Chi Minh alipanda meli ya Kifaransa kama mfanyakazi, na utaona mnara wa Bitexco wenye mita 262 ukiwaka taa. Muziki wa mle ndani ni wa kuburudisha walaji. Kwa Waislamu, ulizeni mapema kuhusu sambusa za kukunja ziitwazo chả giò, kwa kuwa kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Mchuzi wa nước mắm ni wa samaki. Anayeona shaka atapata chakula cha halali karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du, uliojengwa 1935 na Waislamu kutoka India ya Kusini, ambao hauko mbali na ukingo wa mto.

Ukinunua tiketi, omba kiti cha katikati, safu ya nne au ya tano. Safu ya kwanza utarushiwa maji na utatazama kwa usawa wa uso wa bwawa, ambapo kina cha jukwaa hupotea. Kutoka juu kidogo utaiona mistari ambayo vikaragosi huichora majini, na ukikaza macho upande wa chini wa pazia utaona mianzi ikitikisika sekunde moja kabla kikaragosi hakijatokea.