Kabla hujapandisha bei: mzigo uliotelekezwa forodhani na unachonunua hasa

Kila mnada wa ghala la forodha ukiisha, malalamiko huja ofisini kwetu forodhani kwa njia mbili. Aliyeshinda anasema ameuziwa kitu kibovu. Aliyeshindwa anasema washindi walikuwa wamepangwa. Siku hizi limeongezeka la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike: mtu ametuma fedha za gari la mnada kwa "afisa" aliyemkuta WhatsApp, na sasa anataka sisi tumpe gari. Hilo la tatu nitalirudia.

Kwanza tuelewane kuhusu mzigo wenyewe. Mzigo hauingii mnadani kwa sababu afisa fulani ameutamani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mwenye mzigo siku 21, zikihesabiwa tangu meli ianze kushusha, awe ameuwekea nyaraka. Asipofanya hivyo mzigo huhamishiwa ghala la forodha. Ukikaa humo siku 30 bila kutolewa kihalali, Kamishna wa Forodha hutoa tangazo kwenye Gazeti la Serikali au gazeti linalosomwa na watu wengi: utolewe ndani ya siku nyingine 30, la sivyo utahesabiwa kuwa umetelekezwa na utauzwa. Jumlisha hizo siku. Hata kama kila hatua imefuatana na nyingine bila kupoteza saa, ni siku 81, na kwa hali halisi ni zaidi ya hapo sana. Kwa hiyo mtu anaponiambia "mmeuza mzigo wangu kimyakimya", swali langu la kwanza ni moja tu: tangazo ulilisoma? Kwa vitu vinavyooza na wanyama hai hali ni nyingine. Vitu hivyo Kamishna anaweza kuagiza viuzwe bila tangazo wakati wowote baada ya kuingia ghalani, maana nyanya hazisubiri gazeti.

Tangazo la mnada nalo lina sentensi ambayo karibu kila mtu huiruka: bidhaa zinauzwa kama zilivyo na mahali zilipo. Sentensi hiyo haikuwekwa kama pambo. Maana yake hakuna dhamana, hakuna kubadilishiwa, na hakuna anayekuahidi kwamba injini inawaka. Kinga yako ni siku za ukaguzi, basi.

Nakumbuka mnunuzi mmoja aliyefika na tochi yake. Kontena lilikuwa la vipuri. Akamulika safu ya mbele, akaona maboksi makavu yamepangwa vizuri, utepe haujaguswa, akatikisa kichwa kuridhika na kuondoka. Hakuinama. Angeinama angeuona mstari wa kahawia umezunguka kuta za kontena, kiasi cha kiganja juu ya sakafu, alama ya maji yaliyoingia, yakatuama na kukauka. Maboksi ya chini yalikuwa yamebonyea kama mto uliolaliwa, na beringi zilizokuwamo zilishikana kwa kutu mpaka zikawa pande moja la chuma. Siku ya tatu alikuwa mezani kwangu akidai fedha zake. Nilimwonyesha saini yake kwenye masharti ya mnada.

Sehemu ya tatizo, nadhani, ni zile video za Marekani za vyumba vya kukodi vya kuhifadhia vitu. Mlango unafunguliwa, watu wanachungulia dakika chache kutoka nje bila kugusa, kisha wanapandiana bei kwa kubahatisha. Kule anayeuza ni mwenye ghala binafsi, na anachofidia ni pango ambalo mpangaji hakulipa. Kubahatisha ndiko kunakonogesha kipindi. Hapa anayeuza ni Serikali, kuna orodha ya loti, yaani mafungu ya mzigo yanayouzwa moja moja, na kuna siku za kukagua, na bado watu wazima wanakuja asubuhi ya mnada wakiwa hawajaiona loti hata kwa mbali.

Chukua orodha, nenda ghalani, linganisha. Kwa gari, soma namba ya chesisi kwenye bodi yenyewe, usitegemee kibandiko kilichobandikwa kiooni, na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye orodha. Vuta kijiti cha oili. Uliza kama funguo upo, kwa sababu magari mengi yaliyotelekezwa hayana, na kutengeneza funguo wa gari la kisasa si kazi ya fundi wa kufuli pale kona. Angalia matairi yamekaaje, kwani gari lililosimama muda mrefu hubeba uzito wake sehemu ile ile ya tairi. Betri usiiulize, imekufa.

Bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho nyundo ya dalali inapogongwa, inahitaji maelezo. Swali tunaloulizwa kuliko yote ni: nikishashinda nitatozwa tena ushuru wa kuingiza? Fedha za mauzo ndizo zinazokatwa ushuru na kodi, tena kwa mpangilio uliowekwa na sheria: kwanza ushuru wenyewe, kisha gharama za kuhamisha na kuuza, kisha pango na tozo za forodha, kisha tozo za bandari, kisha nauli ya meli na madai mengine. Kwa hiyo mnunuzi haandiki upya nyaraka za kuingiza. Lakini usafiri kutoka ghalani, upakiaji, usajili wa gari na matengenezo ni vya kwako, na masharti ya kila mnada husema kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo ndani ya bei au inaongezwa juu yake. Mwenye kupiga hesabu anaanzia kwenye gharama hizo, anarudi nyuma hadi kwenye bei ya juu anayoweza kuimudu, anaiandika kwenye karatasi na kuishia hapo. Joto la mnada lina ulevi wake.

Amana na muda wa kukamilisha malipo vimo kwenye masharti hayohayo. Waliozoea minada ya mahakama ya mali isiyohamishika, ambako hulipwa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15, wasije na kipimo hicho kwetu. Shika kilichoandikwa kwenye tangazo la mnada husika. Asiyekamilisha kwa wakati hupoteza amana na loti hurudi sokoni. Aliyelipa halafu akauacha mzigo ghalani huanza kudaiwa pango. Hapo huruma yangu hupungua, kwa sababu ametelekeza mzigo uliotelekezwa.

Si kila kilichotelekezwa huuzwa. Matairi chakavu ya magari madogo, sabuni na vipodozi vyenye zebaki na bidhaa bandia vimo kwenye orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku katika Jumuiya. Bidhaa zinazohitaji kibali huhitaji kibali hicho hata zikipitia mnadani: tangu 2019 hapa Tanzania chakula na vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), dawa na vifaa tiba chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Na loti isiyopata bei ya kutosha kulipia madai yote yaliyo juu yake inaweza kuharibiwa au kuondolewa kwa namna nyingine atakayoagiza Kamishna. Watu hukasirika wakiona vitu vinateketezwa. Naelewa, lakini sheria ndiyo hiyo.

Sasa kuuza tena. Hati ya mnada inataja loti, idadi, na kwa gari namba ya chesisi. Inafunika hicho tu. Wapo wanaonunua katoni 40 mnadani kisha mwaka mzima wanaonyesha hati hiyohiyo kwa mzigo mwingine uliopita njia za panya. Kifungu cha 203 cha sheria niliyoitaja kinahusu hati na maelezo ya uongo katika jambo la forodha: kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kifungu cha 200, kwa anayekutwa na bidhaa zisizolipiwa ushuru, kinafika kifungo cha miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani, au vyote viwili. Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, mpe mteja wako kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Mauzo yako ya mwaka yakifika shilingi milioni 200, kiwango kilichowekwa Tanzania Bara mwaka 2023 badala ya milioni 100, usajili wa VAT unakuhusu.

Katika mizigo ya vyombo vya nyumbani hutokea vitu visivyo vya kuuzwa: pasipoti, vyeti vya shule, albamu ya harusi, kompyuta yenye barua za mtu. Virudishe ghalani. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si ya aliyenunua sanduku.

Kuhusu yule wa WhatsApp. Malipo ya Serikali yanapita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile mnayoiita kontro namba, na jina la taasisi hutokea kabla hujathibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, huo si mnada wetu. Hakuna gari la "mnada wa ndani" linalouzwa kwa simu ya afisa, na mwenye kuamini lipo ajiulize kwa nini afisa huyo hakumpa ndugu yake.

Mwisho, kwa mliouacha mzigo. Bei ikizidi madai yote, ziada ni yenu, ila kama bidhaa zilikuwa za marufuku au zilivunja masharti. Iombwe ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya mauzo, si tangu siku uliyosikia. Baada ya hapo inaingia kwenye mapato ya forodha. Barua iende kwa Kamishna ikiwa na nakala ya hati ya shehena, kitambulisho na namba ya loti. Namba ya loti iko kwenye tangazo lile lile ambalo hukulisoma.