Ruhuka sio dumuzi, na yule mdogo sio mtoto wake

Jamani wa Mbozi, Rungwe na huku Mbeya, tuongee kidogo kuhusu ruhuka, haka kadudu keusi kanakotoboa buni za kahawa, maana siku hizi kila tundu dogo watu wanasema dumuzi, yule mtoboaji wa mahindi. Juzi jirani kaniletea vidudu vitatu kwenye kiberiti, kimoja katoa kwenye mahindi, kingine kwenye ubao wa paini wa Mafinga, cha tatu kwenye kahawa, eti "shemeji, dawa si moja tu hapa?" Basi nachukua maneno ya watu moja moja na kuyajibu.

"Wote walewale." Kwa macho kweli utadhani ndugu, mwili kama kipisi cha msumari, kichwa kimejificha chini ya kifua. Sasa chukua lenzi, angalia vipapasio. Vya ruhuka vimepinda kama kiwiko halafu nchani kuna kirungu kimoja kilichoshikana, vya dumuzi havina hicho kiwiko na nchani kuna vipande vitatu vimeachana. Saizi nayo inasaidia, dumuzi anafika mm 3 hadi 4, ruhuka hata 2 hafikishi. Na ukikuta buu, la ruhuka halina miguu kabisa.

"Mdudu wa magome anakaa kwenye gome." Ukoo wake, Scolytinae, wanaitwa hivyo kwa sababu wengi wanakula ganda la ndani la mti, ila wapo wanaotoboa mti wakalima kuvu humohumo ndani na kuila, na ruhuka yeye kahamia kwenye punje ya kahawa. Unga unaodondoka kwenye kabati lako la miaka kumi usiwasingizie hawa wa magome, wao wanataka mti wenye unyevu.

"Hana pua ndefu, sio wa kina fukusi." Ni wao. Zamani walipewa familia yao wenyewe, Scolytidae, siku hizi wengi wanawaweka ndani ya Curculionidae, familia ya fukusi, pamoja na fukusi wa mahindi.

"Yule mdogo ni mtoto, atakua." Hii ndo inanichekesha. Mdudu akishakuwa na mabawa magumu kamaliza kukua, haongezeki hata kidogo. Yule mdogo ni dume. Madume ni wachache, jike kumi unaweza ukapata dume mmoja, hawezi kuruka, anapanda dada zake humohumo kwenye buni na anafia humo. Kwa hiyo ukinasa ruhuka anayeruka shambani, huyo ni jike na mara nyingi keshapandwa, anatafuta buni nyingine atoboe pale kwenye kitovu, ile ncha ya buni.

"Katoka nje kama dumuzi." Hapana bwana. Dumuzi ndo mgeni, kwao Amerika ya Kati, huku alionekana Tabora miaka ya 1980 inaanza, watu wakambatiza Scania. Ruhuka ni Mwafrika, yeye ndo kasafiri na kahawa mpaka Brazil. Ila aliyempa jina la kisayansi, mtaalamu wa wadudu aitwaye Ferrari, mwaka 1867, alimpata kwenye kahawa iliyokuwa imeshafika Ufaransa, akamwita Cryphalus hampei, baadaye akahamishwa jenasi akawa Hypothenemus hampei.

Sasa vile vya kwenye kiberiti, cha mahindi dumuzi, cha kahawa ruhuka jike. Cha ubao shemeji alikuwa kakiponda kichwa na kidole, vipapasio hamna, nimemwambia akatafute kingine na safari hii akitie kwenye spiriti.