Kunakili jedwali hakubebi kila kitu

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaojifunza hifadhidata: eti CREATE TABLE nakala AS SELECT * FROM wateja hukupa pacha kamili wa jedwali la wateja. Si kweli.

Kwenye PostgreSQL na MySQL, programu mbili za hifadhidata, amri hiyo hubeba safu wima na data. Ufunguo mkuu (unaozuia mstari uleule kuingizwa mara mbili), faharasa (inayoharakisha utafutaji) na funguo za kigeni (zinazounganisha jedwali na jingine) hubaki kulekule kwenye jedwali la awali. Ndiyo maana nakala inaweza kupokea mteja yuleyule mara mbili bila kulalamika.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Ukiifungua nakala, mistari yote ipo na idadi inalingana, nani angeshuku? Hakikisha mwenyewe: andika \d nakala kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), au SHOW CREATE TABLE nakala kwenye MySQL, kisha linganisha na jedwali la awali.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwenye kuhitaji muundo pia aanze na CREATE TABLE nakala (LIKE wateja INCLUDING ALL) kwenye PostgreSQL, au CREATE TABLE nakala LIKE wateja kwenye MySQL, ndipo amimine data kwa INSERT INTO nakala SELECT * FROM wateja. Funguo za kigeni, hata hapo, ataziongeza kwa mkono.