Kaliba si nguvu ya risasi

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Hupimwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi, na risasi ya bunduki hiyo hutengenezwa kwa upana unaokaribiana na tundu. Maana yake inaishia hapo. Sasa kila mara utasikia mtu akisema "kaliba ndogo" akimaanisha risasi dhaifu, au akiuliza kama "kaliba ya ishirini na mbili", yaani sehemu 22 za mia za inchi, inamwangusha swala. Swali hilo halijibiki lilivyo, na wanaolijibu upesi wanachangia wanyama kukimbia na majeraha.

Neno lenyewe linaonyesha kosa lilikotoka. Limetufikia kwa Kiingereza, nacho kililipata kwa Kifaransa; nyuma yake, kwa maoni ya wengi, kuna neno la Kiarabu qālib, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa yapate umbo. Neno hilo sisi tunalo kwa njia fupi zaidi: kalibu. Kaliba na kalibu ni ndugu, ila mmoja amezungukia Ulaya. Risasi nayo ni neno la Kiarabu, jina la madini yenyewe, ndiyo maana kwetu risasi ni madini, ni kile kinachotoka mtutuni, na ni fungu zima lenye ganda, baruti na fataki, yaani kile kinachowasha baruti. Neno moja kwa vitu vitatu linatuongezea mkanganyiko.

Enzi za gobore mwindaji aliyeyusha risasi, akaimimina kwenye kalibu, ikatoka goroli. Goroli ukiizidisha upana mara mbili, uzito unakuwa mara nane, hakuna namna nyingine. Kwa hiyo ukijua upana ulijua na uzito. Bunduki za marisau, zile zinazorusha chembe nyingi za risasi kwa mpigo mmoja, zinatunza kumbukumbu hiyo mpaka leo: namba 12 maana yake ni ratili moja ya risasi ikigawanywa goroli 12 zinazoenea mtutu, na ndiyo maana mtutu wa namba 20 ni mwembamba kuliko wa namba 12. Katika karne ya 19 goroli ilipoachia nafasi risasi ndefu yenye ncha, upana ukaacha kueleza uzito. Mazoea ya kusoma nguvu kwenye upana yakabaki.

Chukua mafungu mawili ya risasi: .22 Long Rifle, iliyoanza mwaka 1887, na .223 Remington ya miaka ya 1960. Risasi zake zimeachana kwa upana kiasi cha sehemu tatu za mia za milimita, tofauti ambayo ukucha hauwezi kuigundua. Ya kwanza ina gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Nishati yake haifiki jouli 200. Ya pili, ya gramu 3.6, hutoka kwa mita 980 hivi kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 1,700. Kaliba ni ile ile kwa hesabu ya kawaida, nguvu karibu mara tisa.

Ile ya kwanza kazi yake ni sungura, kanga, kwale na pimbi, ndani ya mita 50, kichwani. Swala si wake kabisa. Wala udogo wake usimdanganye mtu: ikikosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji hugeuka isikotarajiwa. Ya pili inamudu digidigi na funo, na swala tomi kwa mkono uliotulia, ndani ya mita 150, ikiwa risasi yake imeundwa kwa nyama. Hapa ndipo wengi huharibu. Risasi nyepesi ya kuulia mbweha hupasuka juu ya bega la swala, ikaacha shimo pana lisilofika kwenye mapafu. Ile ya kijeshi, iliyofunikwa shaba mwili mzima, mara nyingi hupita bila kutanuka, na mnyama anakwenda kufia mbali.

Mifuo ya ndani ya mtutu, ile mifereji iliyopindika inayoizungusha risasi isiyumbe, nayo ina neno. Mtutu unaoizungusha risasi mara moja kila inchi 12 unaitosha risasi ya gramu 3.6, lakini ukitiwa risasi ndefu ya gramu 5 hauiwezi. Piga karatasi kwa mita 50 kisha sogea uangalie: tundu likiwa la mviringo, salama, likiwa refu kama mbegu ya tikiti, risasi ilifika imelala ubavu, na mtutu huo haufai kuwindia kwa risasi hiyo.

Wanaotetea kaliba ndogo humtaja Bell wa Karamoja, mwindaji Mskoti wa mwanzo wa karne ya 20, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Ila risasi zake zilikuwa ndefu na nzito kwa upana wake, ngumu, zisizotanuka, naye alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo ulipo. Anathibitisha kwamba upana peke yake haukuwa hoja. Hampi ruhusa asiyejua ubongo ulipo.

Sheria ya Zimbabwe inalijua hilo: kwa tembo, kiboko na nyati inadai milimita 9.2 na pia jouli 5,300, vyote viwili kwa pamoja. Kenya swali hili lilikoma mwaka 1977, uwindaji wa wanyama ulipopigwa marufuku.

Kwa hiyo neno kaliba litumike kwa upana, na nguvu itajwe kwa jina kamili la risasi na uzito wake. Mwenzako akisema ana "ishirini na mbili", mwombe kwa upole ageuze ganda mkione kitako chake. Kikiwa hakina kiduara cha fataki katikati, fataki imo ndani ya ukingo, hiyo ni ya sungura. Kikiwa na kiduara cha fataki katikati na jina limechongwa kukizunguka, lisomeni hilo jina kwanza, ndipo mzungumze habari za swala.