Hakuna kompyuta hapo, ni tochi

Mwezi huu mteja wa tatu ameangalia kazi yangu ya kuchora kwa mwanga, akatabasamu: "Kaka, hii si umeichezea tu kwenye kompyuta?" Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Kuchora kwa mwanga kunamalizikia ndani ya kamera. Shata, ule mlango wa kuingizia mwanga kwenye kamera, inakaa wazi sekunde 15, mimi niko gizani mbele ya lenzi na tochi, nachora hewani. Tochi inapopita, mstari unabaki. Mimi sionekani kwa sababu nimevaa nyeusi na situlii sehemu moja, kwa hiyo mwanga unaonigusa hautoshi kuacha alama. Nikijimulika usoni kwa bahati mbaya natokea kama mzuka, picha inarudiwa. Mwaka 1949, huko Ufaransa, mpiga picha Gjon Mili alimpiga picha mchoraji Picasso akichora hewani kwa taa ndogo ya umeme. Hiyo kompyuta ya kuchezea picha mwaka huo ilikuwa wapi?

Sasa hiyo ni picha moja. Ukitaka itembee, ndipo stopmosheni inapoingia: picha moja moja zinafuatana haraka mpaka zinaonekana zinatembea. Filamu ya sekunde 8, kwa picha 12 kila sekunde, ni picha 96. Shata peke yake imekula dakika 24. Bado hujakagua kila picha, hujarudi kwenye alama ya chaki ya kusimamia, hujabadilisha nailoni ya rangi kwenye tochi. Mara ya mwisho tulichora mzabibu ukitambaa juu ya jiwe, upande wa Ihumwa, jani moja kila picha. Tuliingia saa mbili usiku, tukatoka majogoo. Kompyuta naitumia, sikatai: inazipanga zile picha 96 zifuatane. Kusema ndiyo iliyotengeneza filamu ni kama kusema pilau imepikwa na sinia.

Eti lazima kamera ya mamilioni. Hapana. Hata simu inayokuruhusu kupanga muda wa shata inatosha. Pesa yako nunulia stendi nzito, halafu ining'inizie dumu la maji katikati, maana upepo wa Dodoma hauna adabu. Na uzime fokasi ya kujiendesha, ile ya kamera kujitafutia ukali wa picha, kabla hujaanza!

Eti bila kuwasha stilwaya ya kusugulia masufuria na kuizungusha haipendezi. Ile ni chuma inayowaka, na cheche zake zinaruka mbali. Nyasi za hapa mwezi wa nane unazijua. Mimi sifanyi, hata uongeze hela.

Halafu kuna wanaoniomba niondoe mtetemo wa mistari, wakidhani ni kasoro. Jani la picha ya 40 halikai sawasawa na la picha ya 41 kwa sababu yamechorwa na mkono, mara mbili, kwenye baridi ya Julai. Anayetaka mstari usiotetemeka, huyo sasa ndiye aende kwa mtu wa kompyuta.