Je, wajua kwa nini Waitalia wa kusini walitibu sumu ya buibui kwa tari na fidla?

Itazame ramani ya Italia: nchi nzima ina umbo la kiatu kirefu, na pale kisiginoni ndipo palipo Salento. Kwa karne nyingi, mwanamke wa huko alipoanguka shambani msimu wa kuvuna ngano, akatetemeka, akalia bila sababu na kukataa chakula, wenyewe walijua la kufanya: waliwaita wapiga muziki. Ilisemwa kwamba ameumwa na taranta, buibui wa mashambani, na kwamba sumu yake haitoki mpaka mgonjwa aicheze.

Shuka jeupe lilitandikwa sakafuni, mgonjwa akawekwa katikati. Wapigaji walikaa kando yake na fidla, tari, kodiani na gitaa, wakaanza kubahatisha. Wimbo huu ukipigwa anabaki kimya, wa pili kimya, wa tatu anaanza kutikisa mguu. Basi huo ndio wake. Aliletewa pia vitambaa vya rangi, chekundu, kijani, njano, ili ionekane ni kipi atakachokirukia au kutaka kukirarua, maana kila buibui alidhaniwa ana rangi yake na wimbo wake. Mtu wa Pwani aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo hahitaji maelezo zaidi hapa. Hata Ernesto de Martino, mtaalamu wa Kiitalia aliyelichunguza jambo hili kwa kina, aliona undugu wake na zar, ngoma ya mashetani ya Afrika ya Kaskazini Mashariki.

Uchezaji ulichukua saa nyingi, mara nyingine siku kadhaa, mgonjwa akipumzika kidogo kisha kuinuka tena. Wapigaji walilipwa, na familia maskini zilibaki na madeni. Mashuhuri kuliko wote katika karne ya 20 alikuwa Luigi Stifani, mpiga fidla wa mji wa Nardò, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kinyozi. Kinyozi kuwa mwanamuziki lilikuwa jambo la kawaida kusini mwa Italia: kiti kikiwa hakina mteja, gitaa lilikuwa ukutani likingoja.

Tari ndiyo iliyoshika usukani. Ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi, na ubavuni lina vibati vinavyolia kila mkono unapogusa. Mpigaji huishika kwa mkono mmoja, akaipiga kwa mwingine: dole gumba, ncha za vidole, kisha kiganja, mapigo yakikimbia matatu matatu bila kuacha pengo. Kuipiga hivyo kwa dakika kumi tu ni adhabu kwa asiyezoea. Muziki huo unaitwa pizzica, na ni tawi la tarantella, jina la jumla la ngoma za mwendo wa kasi za kusini mwa Italia.

Je, sumu ilikuwa ya kweli? Buibui mkubwa aliyebeba lawama, ambaye jina lake limetoka mji wa Taranto ulio jirani, huuma kwa maumivu lakini si hatari kwa binadamu. Yupo mwingine mdogo, mweusi mwenye madoa mekundu, ambaye sumu yake ni kali kweli, naye huonekana kwenye mashamba ya ngano wakati wa kiangazi. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huenda waliumwa kwelikweli. Tatizo ni kwamba wengi "waliumwa" tena kila mwaka, majira yaleyale, na wengi wao walikuwa wanawake. Buibui gani anayefuata kalenda namna hiyo?

Mwaka 1959 de Martino alifika Salento na kundi la wataalamu, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa muziki. Walichokuta nyuma ya kuumwa huko ni maisha: kijana aliyependwa akakataliwa na wazazi, ndoa ya kulazimishwa, kifo cha baba, umaskini wa vibarua wa mashamba ya tumbaku na ngano. Mwanamke ambaye nyumbani hakuwa na ruhusa hata ya kuinua sauti alipewa na buibui siku chache za kupiga kelele, kujigaragaza na kutazamwa na kijiji kizima, bila lawama. Mimi naona hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Dawa ya majani ingemnyamazisha. Muziki ulimpa nafasi ya kuyatoa yote, tena kwa mpangilio wenye mwanzo na mwisho.

Kanisa nalo liliingia kati. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, wagonjwa walikwenda mji wa Galatina, hukohuko Salento, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo kushukuru au kuomba kuponywa, na kunywa maji ya kisima chake. Kwa nini Paulo? Kwa sababu Matendo ya Mitume 28 inasimulia jinsi nyoka alivyomng'ata mkononi huko Malta asidhurike.

Baada ya vita vya pili vya dunia mambo haya yakaanza kuonewa aibu. Vijana walihamia viwandani kaskazini, na pizzica ikahesabiwa muziki wa washamba na wagonjwa. Waliouokoa ni makundi kama Canzoniere Grecanico Salentino, lililoundwa mwaka 1975 na mwandishi Rina Durante. Kisha vijana wa kundi la Sud Sound System wakachukua lahaja ya nyumbani na kuimba juu ya midundo ya Jamaika, mchanganyiko uliopewa jina la tarantamuffin. Na tangu 1998 kuna tamasha la Notte della Taranta, ambalo kilele chake hufanyika Agosti katika mji mdogo wa Melpignano, mbele ya umati unaopita watu 100,000. Waongozaji wake wamekuwa watu kama Joe Zawinul, mpiga kinanda wa jazi, mwaka 2000 na Stewart Copeland, mpiga ngoma wa bendi ya roki ya The Police, mwaka 2003.

Wapo wanaolalamika kwamba mateso ya wanawake wale yamegeuzwa biashara ya utalii. Hoja yao ina uzito, ingawa bila jukwaa hilo vijana wengi wasingeishika tari kabisa. Anayetaka kuisikia bila spika kubwa aende kijiji cha Torrepaduli, hukohuko Salento, usiku wa kuamkia 16 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko. Huko wapigaji husimama duara wakipiga hadi alfajiri, na katikati wanaume wawili wawili hupigana kwa visu visivyokuwepo, vidole viwili vilivyonyooshwa vikiwa ndiyo makali.